Mwalimu wa Wahubiri na Deni la Mimbari



Juma hili tumeona vema tuseme juu ya jambo ambalo ninyi hulizungumza nje ya kanisa misa ikiisha, nasi hupita kando yenu tukijifanya hatusikii. Jambo lenyewe ni mahubiri yetu. Wako wanaosema ni marefu. Wako wanaosema Padre amerudia yale ya mwaka jana. Na wako wasiosema lolote kwa sababu hawakumbuki hata neno moja, na hao ndio wanaotuumiza zaidi. Tungeweza kujitetea, maana sababu hazikosekani. Badala yake tunapenda kuwaletea habari za mtawa mmoja wa Ufaransa, aliyefariki dunia mwaka 1277, ambaye miaka yake ya mwisho aliitumia kuwafundisha wenzake kazi ya kuhubiri. Kwa maoni yetu mtu huyo angali anatudai, sisi mapadre kwanza.

Anaitwa Humberto wa Romans. Jina hilo la pili lisiwapoteze: si Roma ya Baba Mtakatifu, bali ni Romans, mji ulio kando ya mto Isère, kusini-mashariki mwa Ufaransa, alikozaliwa yapata mwaka 1200. Alisoma Paris, na mwaka 1224 akajiunga huko na Shirika la Wahubiri, ambalo wengi wetu tunalijua kwa jina la Wadominikani. Shirika lilikuwa bado changa. Papa Honori III alikuwa amelithibitisha Desemba 1216, na Mtakatifu Dominiko mwenyewe alikuwa amefariki huko Bologna mwaka 1221, miaka mitatu tu kabla ya kijana Humberto kubisha hodi.

Yafaa tukumbuke hali ya Kanisa wakati ule. Kwa karne nyingi kuhubiri kulihesabiwa kwanza kuwa kazi ya askofu. Padre wa kijijini aliadhimisha misa, alibatiza, alizika. Lakini elimu yake aghalabu ilikuwa haba, na waamini waliweza kukaa muda mrefu pasipo mtu wa kuwafafanulia Injili. Mtaguso Mkuu wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliliona pengo hilo ukawaagiza maaskofu watafute watu wenye kufaa wa kuwasaidia katika kuhubiri. Ndugu wa Dominiko waliingia katika pengo hilo, nao waliingia wakiwa wanafunzi. Shirika lao liliamua mapema sana kwamba isifunguliwe nyumba ya watawa isiyo na mwalimu ndani yake. Watu waliwaona barabarani, wawili wawili, wakihubiri. Hawakuliona darasa lililokuwa nyuma yao.

Humberto alikuwa mwalimu katika nyumba ya Lyon, kisha mkuu wa nyumba hiyo, kisha akapewa kanda ya Roma, kisha kanda ya Ufaransa. Mwaka 1254, katika mkutano mkuu uliofanyika Budapest, ndugu zake walimchagua kuwa Mkuu wa Shirika zima, wa tano tukimhesabu Dominiko. Mwaka huo ulikuwa mgumu. Walimu wa Chuo Kikuu cha Paris, wakiongozwa na padre msomi Guillaume wa Saint-Amour, waliwapinga vikali watawa ombaomba, na Novemba 1254 Papa Inosenti IV akatoa hati ya kuwabana. Papa huyo alifariki Desemba, na kabla ya mwezi huo kwisha mrithi wake, Aleksanda IV, akaitangua hati ile. Mwaka uliofuata Humberto na mkuu wa Wafransisko, Yohane wa Parma, waliwaandikia watawa wao kwa pamoja kuwasihi wakae kwa amani wao kwa wao. Hayo tunayataja kwa haraka tu, ili msidhani kwamba alifundisha kuhubiri akiwa ameketi kivulini.

Tukio linalotugusa zaidi ni la mwaka 1259. Humberto aliwaita wasomi watano huko Valenciennes wapange utaratibu wa masomo wa Shirika. Miongoni mwao walikuwamo Alberto Mkuu, Thoma wa Akwino, na Petro wa Tarentaise ambaye baadaye alikuwa Papa Inosenti V. Watu wa namna hiyo wangeweza kujadili mambo ya juu mbinguni. Wao walijadili ratiba. Wakaagiza kwamba mwalimu asibebeshwe vyeo na shughuli zitakazomtoa darasani, na kwamba wakuu wa nyumba nao, wanapopata nafasi, wakae na ndugu wengine kusikiliza mafundisho. Yaani mkuu akae benchi moja na mdogo wake, asikilize, ajifunze.

Mtuwie radhi, hapa hatuwezi kujizuia. Paroko wa leo husimamia ujenzi, husuluhisha ndoa, huandaa taarifa ya fedha, hukimbizana na fundi wa paa, huketi katika bodi ya shule, na Jumamosi usiku, saa nne, ndipo hufungua kitabu cha masomo ya Jumapili. Hatusemi hivyo ili mtuhurumie. Ujenzi tunaupenda, kwa kuwa paa likiisha watu wataliona na kutupongeza; na saa tatu za kuketi na Injili hakuna anayeziona.

Mwaka 1263, katika mkutano mkuu wa London, Humberto aling'atuka. Sisi Watanzania tunalielewa neno hilo tangu mwaka 1985. Alirudi kwao Ufaransa akawa ndugu wa kawaida, na katika miaka iliyombakia, hadi alipofariki huko Valence, aliandika. Miongoni mwa vitabu vyake kimo kimoja kikubwa juu ya malezi ya wahubiri. Mdominikani Mwingereza, Padre Simon Tugwell, alitoa sehemu yake ya kwanza kwa Kiingereza mwaka 1982 katika kitabu juu ya Wadominikani wa mwanzo, na kwa njia hiyo kimewafikia hata mapadre wa vijijini kama sisi.

Ukikifungua, utakutana mapema na hoja inayoshtua. Humberto anasema kwamba Kristo hapa duniani aliadhimisha misa mara moja tu, siku ile ya Alhamisi Kuu. Haisomwi popote kwamba aliketi kuungamisha watu. Lakini maisha yake ya hadharani karibu yote yalikuwa sala na kuhubiri. Padre anayesoma hoja hiyo hutazama nyuma kuona kama kuna mtu mwingine aliyeiona! Je, anaidharau Ekaristi? Hasha. Ni Humberto huyuhuyu aliyepanga liturujia moja kwa Shirika zima mwaka 1256, akihangaika na kila wimbo na kila inamo la kichwa. Anachotaka ni kwamba tusiyafanye mahubiri kuwa kipande cha kujazia kati ya Injili na Nasadiki. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia, namba 52, unasema homilia ni sehemu ya liturujia yenyewe. Na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 767, inaagiza isiachwe Jumapili na sikukuu za amri pasipo sababu nzito. Kwa hiyo yule anayeingia kanisani kwa makusudi wakati Padre anamaliza kuhubiri amechelewa misa. (Mnajijua.)

Lakini fundisho tunalolipenda kuliko yote ni lile linaloharibu kisingizio chetu cha kale. Mara ngapi mmesikia mhubiri akisema kwamba hakuandaa kitu, maana Roho Mtakatifu atamjaza kinywa? Waamini husema Amina, na baadhi yetu tumewahi kujificha nyuma ya Amina hiyo. Humberto anakubali, tena kwa nguvu, kwamba kuhubiri ni neema na Mungu humpa amtakaye. Hata hivyo anamtaka mhubiri afanye sehemu yake: asome, asali, awasikilize wahubiri walio bora kuliko yeye, ajizoeze, aitunze sauti yake ili isikike, asipige maneno mengi, atafute yenye kufaa na si yenye kustaajabisha. Kwake neema na jasho havigombani. Hayati Papa Fransisko aliurudia msimamo huo mwaka 2013 katika waraka wake juu ya furaha ya Injili: namba 135 hadi 159 zote zinahusu homilia, na katika namba ya 145 anamwita mhubiri asiyejiandaa kuwa mtu asiye mwaminifu kwa karama alizopewa. Ni neno kali. Tunadhani ni kali kwa kiasi kinachostahili.

Lakini hata kujiandaa kwenyewe kuna namna mbili, na hapo tuna jambo la kuungama mbele yenu.

Miaka kadhaa iliyopita tulizika kijana. Siku hiyo tulikuwa na misa mbili nyingine, na njiani, ndani ya gari, tulikumbuka mahubiri ya mazishi tuliyokuwa tumeyaandika zamani. Yalikuwa mazuri. Yalieleza kifo, ufufuko na tumaini la Wakristo; mwalimu wetu wa homiletiki seminarini angeyapa alama za juu. Tuliyatoa, watu wakatulia, tukazika, tukaondoka. Miezi mitatu baadaye mama wa marehemu alikuja ofisini kuandikisha misa ya kumbukumbu. Aliweka sadaka yake mezani, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, “Padre, samahani. Siku ile ulisema mengi mazuri, lakini mwanangu hukumtaja hata jina.” Hakusema kwa hasira. Alituamkia kwa heshima, akaaga, akaenda zake. Sisi tulibaki na daftari la nia za misa, tukiliandika jina lile kwa mara ya kwanza.

Sasa tazameni Humberto alivyofanya katika sehemu ya pili ya kitabu chake. Hakuandika mahubiri ya kunakili. Aliwaorodhesha watu. Mhubiri atawaambia nini wakoma? Wanafunzi? Wafanyabiashara waliokusanyika mnadani? Wanawake maskini wa vijijini? Wajakazi wa nyumba za matajiri? Makahaba? Atasema nini arusini, na atasema nini penye mazishi? Kila kundi na kila tukio lina mlango wake, na mtawa huyu, aliyewahi kuongoza maelfu ya watu na kuwaandikia mapapa, anaketi uzeeni mwake akiwaza mjakazi anapaswa asikie nini na kwa njia gani. Swali lake la kwanza ni, “Ni nani hawa walio mbele yako?” Sisi siku ile tulijua kifo ni nini. Hatukuuliza aliyekufa alikuwa nani.

Hatumfanyi Humberto kuwa mtu asiye na doa. Aliandika pia kitabu cha kuwasaidia wahubiri kuhimiza vita vya msalaba, na ujuzi uleule wa kumjua msikilizaji aliutumia kumvuta akachukue silaha. Kanisa leo haliwezi kuifuata njia hiyo. Tunalitaja kwa kuwa mimbari ina nguvu, na kujua kuhubiri si sawa na kuwa na jambo jema la kuhubiri. Hata hapa kwetu yapo mahubiri yaliyopangwa kwa ustadi mkubwa ambayo mwisho wake ni bahasha. Mchango wa kanisa ni wajibu, nasi tutaendelea kuwakumbusha; ila mahali pake ni kwenye matangazo.

Kuna jambo jingine, nalo ni lugha. Mwaka 1255 Humberto aliwaandikia ndugu zake wote akitafuta wa kujitolea kwenda mbali kupeleka Injili. Aliona vizuizi viwili: kutojua lugha za watu, na kupenda mno nchi ya nyumbani. Akawahimiza wajifunze Kiarabu, Kiebrania, Kigiriki na lugha nyingine za mataifa. Mtadhani sisi tumekwisha kuvuka kizuizi hicho, maadam tunahubiri kwa Kiswahili na ninyi mnakijua. Lakini kuna Kiswahili cha seminarini. Tunasema “fumbo la mpango wa wokovu” kwa mama aliyeamka saa kumi kuuza maandazi, naye anatikisa kichwa kwa adabu. Tunasema “eskatolojia”. Hatujasafiri, tungali tunaipenda nchi yetu ya nyumbani, yaani darasa letu la teolojia, na tunawataka ninyi mje huko badala ya sisi kuja kwenu. Watu wa Pwani husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mhubiri ni mgeni katika maisha ya watu, na mwenyeji akimsikiliza asipone, safari ile ilikuwa ya nini?

Kuhusu urefu hatutasema mengi, ili tusijihukumu wenyewe. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 20, kijana Eutiko alilala dirishani huko Troa wakati Mtume Paulo akihubiri hadi usiku wa manane, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Paulo alishuka akamrudishia uhai. Sisi hatuna karama hiyo, kwa hiyo ni afadhali tumalize mapema. Juni 2024 Papa Fransisko alishauri homilia isizidi dakika 8. Mmoja wenu alituletea habari hiyo kwenye simu yake siku ileile, akiwa na furaha isiyofichika. Tumejaribu. Tumegundua kwamba dakika 8 zinadai maandalizi marefu kuliko dakika 25, kwa sababu ndani ya dakika 25 mtu anaweza kutafuta anachotaka kusema huku akisema.

Nao makatekista wetu? Hili ndilo lililotufanya tuandike juma hili. Katika vigango vyetu Padre hufika mara moja kwa mwezi, wakati wa masika hata hiyo moja hukatizwa na barabara. Jumapili nyingine zote ni katekista anayesimama mbele ya watu, anayesoma Injili na kuwapa tafakari. Kwa wazee wengi wa huko sauti ya Kanisa ni sauti yake. Sheria ya Kanisa inamzuia mlei kutoa homilia ndani ya misa, na ni sawa. Lakini katika ibada hizo pasipo padre yeye ndiye anayelimega Neno. Nasi tumemwandaaje? Tumempa kitabu cha masomo, kanzu, na maagizo ya kuleta hesabu ya sadaka kila mwisho wa mwezi. Ndugu wa karne ya 13 hawakukubali nyumba isiyo na mwalimu, na sisi tunaendesha vigango kwa miaka mingi tukitegemea ari ya mtu mmoja ambaye hatujawahi kukaa naye hata saa moja kumsikiliza anahubiri nini. Akikosea tunamlaumu. Akihamia dhehebu jingine linalompa kipaza sauti na semina ya juma zima, tunashangaa.

Tusisubiri jimbo lifanye kila kitu. Kwa hiyo tumeamua haya, nanyi mna haki ya kutuuliza kama tumeyatimiza. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi makatekista wa vigango vyote watafika parokiani asubuhi. Tutasoma pamoja masomo ya Jumapili zinazofuata, kila mmoja atatoa tafakari yake mbele ya wenzake, na sisi tutatoa yetu, nasi tutasahihishwa kama wao. Nauli italipwa na parokia. Kamati ya ujenzi imekubali kungoja kidogo mabati ya upande wa sakristia, jambo ambalo halikupita bila mjadala. Na kila Alhamisi jioni, baada ya masifu, watu sita kutoka jumuiya mbalimbali wataketi nasi saa moja kuisoma Injili ya Jumapili na kutuambia wanasikia nini ndani yake: mkulima, mwalimu, kijana wa bodaboda, na wengine watakaopendekezwa na jumuiya zao. Hawatatuandikia mahubiri. Watatusaidia kuwajua walio mbele yetu.

Tumemwomba yule mama awe mmoja wa hao sita. Amesema atafikiri, na kwamba Alhamisi huwa ana kikao cha kikoba. Akipata wa kumkaimu, atakuja.